Mbuzi Nyuma ya Kioo: Makumbusho, Sanaa na Maisha ya Kila Siku

Katika kurasa za jarida hili tumezoea kuzungumza juu ya masultani na mikataba, maulamaa na silsila zao, majahazi na pepo za kaskazi na kusi. Mara hii tunawaomba wasomaji wetu watuvumilie kidogo, kwani tunataka kuzungumza juu ya mbuzi. Si mbuzi wa maziwa, bali mbuzi ya kukunia nazi.

Mbuzi hiyo ilikuwa ya bibi yetu mzaa mama, Mwenyezi Mungu amrehemu. Ilibaki Unguja tulipoondoka, kwani aliyeondoka mwaka 1964 hakuondoka na mbuzi ya nazi. Ilitufikia zaidi ya miaka kumi baadaye, imefungwa ndani ya kanga kuukuu katika sanduku la shangazi yetu. Bibi akaikalia tena, safari hii katika jiko dogo la ghorofa ya nne, kwenye mji wa baridi, akikuna nazi zilizosafiri masafa marefu kuliko yeye. Alipofariki tulishauriana kama familia, tukaitoa kwa jumba moja la makumbusho la nchi ile, ambalo hatutalitaja kwa jina. Tulidhani tumeiweka mahali pa amani.

Miaka michache iliyopita tulikwenda kuitazama pamoja na mjukuu wetu wa kike, aliyekuwa na miaka kumi na moja. Tuliikuta katika ukumbi wa giza, chini ya taa moja, ndani ya sanduku la kioo, imekunjwa. Chuma chake chenye meno kilikuwa kimeondolewa. Tuliambiwa ni kwa ajili ya usalama. Kibao kilichokuwa chini yake kilisema: kigoda cha kukunja, mbao, mwambao wa Afrika Mashariki, mtengenezaji hajulikani. Mjukuu akatuuliza, "Babu, bibi yenu alikuwa akikaa kwenye kiti kidogo namna hii?" Tukashindwa kumjibu haraka. Kile kitu kilikuwa kizuri kweli pale kilipo. Nakshi zake, ambazo sisi tulizizoea kiasi cha kutoziona, ziling'ara chini ya taa. Lakini haikuwa mbuzi tena.

Tuliandika barua, tukajibiwa kwa adabu kwamba kibao kitarekebishwa ukumbi utakapopangwa upya. Hadi leo hatujasikia kuwa umepangwa. Hatuandiki makala haya kwa ajili ya kugombana. Tumeandika kwa sababu jambo lile lilitufungua macho juu ya swali linalozihusu familia zetu zote khasa wakati huu, ambapo wazee wanaondoka mmoja baada ya mwingine na warithi wanauliza: vitu hivi tuvipeleke wapi? Na hayo majumba tunayovipeleka, yamejengwa kwa ajili ya nini?

Tuanze na lugha, kwani lugha ni shahidi asiyehongeka. Neno letu "sanaa" tumelipokea kutoka Kiarabu, na asili yake ni kutengeneza, kazi ya mkono, ustadi wa mwenye ujuzi wake. Kiarabu cha leo kinapotaka kusema juu ya picha na sanamu hutumia zaidi neno "fann". Sisi wa mwambao tulibaki na sanaa, na mwenye sanaa tukamwita fundi: fundi wa milango, fundi wa majahazi, fundi wa kofia, fundi wa dhahabu. Hapakuwa na fundi wa vitu vya kutazamwa tu. Mlango wa nakshi ulifungwa usiku ili mwizi asiingie. Mkeka wa rangi ulilaliwa. Kanga ilivaliwa, ikabebea mtoto, na ikasema kwa jina lake maneno ambayo mwenyewe asingeweza kuyatamka mbele ya mke mwenza. Hata sahani za kaure zilizotoka Uchina, ambazo leo huwekewa walinzi, wazee wetu walizipachika katika kuta za makaburi yao ya minara, kama yale ya Mambrui na Kunduchi, zikapigwa jua na mvua mbele ya kila mpita njia.

Mgawanyo huu wa sanaa upande mmoja na maisha upande wa pili una historia yake, na si historia ya kwetu. Louvre ya Paris ilifunguliwa kwa umma mwaka 1793, katika nyumba iliyokuwa ya wafalme, na baada ya muda mfupi ikajazwa vitu ambavyo majeshi ya Napoleon yaliviteka katika nchi nyengine. Mwanafalsafa wa Kimarekani John Dewey, katika kitabu chake cha mwaka 1934 juu ya sanaa na tajiriba, alilisema jambo hili bila ya kuficha. Majumba makubwa ya sanaa ya Ulaya, alieleza, yalikua pamoja na fahari ya mataifa na utekaji wa makoloni, na vitu vilivyomo vilikuwa na kazi zao katika nyumba, ibada na mikusanyiko ya watu kabla ya kung'olewa huko. Kitu kikishang'olewa, watu husahau kazi yake, kisha husema kwamba uzuri wake ni wa namna ya peke yake, usiohusiana na maisha.

Hata hivyo, tusiwadhulumu watu wa Ulaya, kwani walikuwemo miongoni mwao waliouona mwanya huu mapema. Jumba la South Kensington mjini London, ambalo leo ni Victoria and Albert, lilifunguliwa mwaka 1857 chini ya Henry Cole. Alitaka mfanyakazi na fundi waje kutazama vyombo, nguo na samani, ili wakirudi kwenye kazi zao watengeneze vizuri zaidi. Kwa kuwa mtu wa kazi hana nafasi mchana, aliweka taa za gesi ili jumba liwe wazi usiku, na aliweka mahali pa kula. Mambo mawili hayo, saa za kufungua na chakula, yanaonekana madogo. Kwetu sisi ndiyo usanifu wenyewe. Jumba linalofungwa saa kumi za jioni limeshaamua nani asiingie, hata kama mlango wake ni mpana.

Mfano wa pili unatoka Japani. Mwaka 1936 Yanagi Soetsu na wenzake walifungua Tokyo jumba la vyombo vya watu wa kawaida: bakuli za wali, birika, vikapu, nguo za wakulima. Hoja yake ilikuwa kwamba uzuri uliotoka katika mkono wa fundi asiyejulikana, aliyetengeneza vitu vingi kwa bei nafuu, hauna upungufu mbele ya uzuri wa msanii mwenye jina. Jengo lenyewe lina sura ya nyumba, na mgeni huvua viatu anapoingia. Msomaji wa mwambao hahitaji kufafanuliwa maana ya kuvua viatu. Mwili wenyewe unafahamu kwamba umeingia kwa watu.

Sasa tugeuke tutazame majumba yanayotuhusu sisi.

Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, ilipofanywa makumbusho ilikuwa na fadhila moja kubwa: ilikuwa na mfano wa mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba badala ya kupigwa misumari, umekaa katika ukumbi wa chini kwa ukubwa wake. Mtoto aliyeuona alielewa kitu ambacho kitabu hakikuweza kumwambia. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya jengo ilianguka likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Wengi wetu tulilia siku ile tukiwa maelfu ya maili mbali. Litakaposimama tena, swali halitakuwa la nguzo na saa tu. Jumba lile lilijengwa kama jumba la sherehe, ili mtu aingie ashangae, na jina lake linasema hivyo. Je, mshangao na uzoefu vinaweza kukaa nyumba moja? Tunaamini vinaweza, maadamu wapangaji wakumbuke kwamba upande wa pili wa barabara ni Forodhani, ambako kila jioni watu wa mji huja kula, kupunga upepo na kuzungumza. Makumbusho ya maisha ya mji yapo pale nje. Kinachohitajika ni mlango unaoelekea huko.

Mombasa, Ngome ya Yesu ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, ikaingia mikononi mwa Waomani mwaka 1698 baada ya mazingira ya karibu miaka mitatu, ikawa jela wakati wa Waingereza, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Ina hazina ya vigae vilivyofukuliwa pwani nzima. Lakini vigae katika kabati humwambia mtaalamu mengi, na mgeni wa kawaida machache. Anayeingia pale hutoka anajua mizinga iliwekwa wapi, na hajui watu walikula nini.

Lamu, kwa rai yetu, ndiko kulikokaribia zaidi. Mbali na makumbusho ya ufukweni, yenye siwa ya pembe ya Pate iliyozidi urefu wa mita mbili, kuna nyumba moja ya mji iliyofanywa kuwa makumbusho ya nyumba ya Kiswahili. Mgeni hupita dakani, akaingia kiwandani, akapanda msana wa chini na wa juu, mpaka ndani kwenye ukuta wa zidaka. Na hapa tunawaomba wasomaji watulie. Zidaka zile, vijidirisha vya chokaa vilivyopangwa safu kwa safu, ndani yake vikiwemo bakuli, vitabu na marashi, ni nini kama si makumbusho? Wazee wetu walikuwa na ukuta wa maonyesho ndani ya chumba cha kulala na kuzalia. Tofauti ni kwamba bakuli liliweza kuteremshwa akija mgeni wa heshima, likatiwa chakula, likaoshwa, likarudishwa mahali pake. Wapo wasanifu wa leo wanaotafuta njia ya kuunganisha sanaa na maisha, na jawabu moja limo katika ukuta wa Lamu tangu karne ya kumi na nane.

Maskati tunayo Bait Al Zubair, iliyofunguliwa mwaka 1998 katika nyumba ya familia ya mwaka 1914, na nje yake kumewekwa mifano ya nyumba, soko na falaji. Kwa kuwa asili yake ni mkusanyo wa familia, mtu huhisi kwamba vitu vile vilikuwa na mwenyewe. Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 2016 yakiwa na kumbi 14, ni ya namna nyengine, makubwa na ya kidola. Tunalolipenda kwao ni maelezo kwa maandishi ya nukta nundu ya Kiarabu kwa ajili ya wasioona. Tunalisifu kwa sababu mbili: ni haki ya wenye ulemavu huo, na pia ni mahali ambapo mkono wa mgeni umekaribishwa. Katika majumba mengi mkono ni mhalifu.

Na Marekani, kati ya mwaka 2017 na 2019, yalifanyika maonyesho makubwa ya sanaa za Waswahili na Bahari ya Hindi, yaliyoanzia Chuo Kikuu cha Illinois, yakaenda Washington na kumalizikia Los Angeles, yakikusanya vitu vya Makumbusho ya Taifa ya Kenya na vya Bait Al Zubair pia. Ilikuwa heshima ambayo hatukuizoea: vyombo vya nyumbani kwetu kuwekwa katika majumba yanayoheshimiwa. Lakini iko tofauti baina ya kukipandisha kitu na kukirudisha. Kukipandisha ni kukiondoa jikoni na kukiweka juu ya mimbari ili kiitwe sanaa. Kukirudisha ni kumfanya anayekitazama aone kwamba jikoni palikuwa na sanaa. Mbuzi ya bibi yetu ilipandishwa, na katika kupandishwa ikapoteza chuma chake na jina lake.

Wenzetu wahifadhi watatujibu, na wana haki. Watasema: moshi wa udi unaharibu nguo, jasho la mkono linakula fedha, mchwa hawana adabu, na wezi wapo. Watatukumbusha pia kwamba sisi wenyewe si walinzi wazuri. Nani aliyeuza milango ya Mji Mkongwe kwa wageni? Nani aliyetupa vitabu vya babu kwa sababu watoto hawasomi tena hati ile? Ni kweli. Nyumba zetu zimepoteza vitu vingi kuliko vilivyopotezwa na makumbusho. Hatudai kioo kivunjwe. Tunadai kisiwe ndiyo fikra ya kwanza na ya mwisho.

Lakini iko hoja nzito zaidi ya mchwa, na hii inatuelekea sisi, si wahifadhi. Ukisema "maisha ya kila siku", lazima uulizwe: maisha ya nani? Katika majumba mengi yanayojaribu kuonyesha nyumba ya mwambao, chumba kinachopambwa ni sebule: kiti cha enzi, mrashi, chetezo, buli la kahawa. Jikoni hapafiki mtu. Bibi yetu alikuwa na desturi ya kusema, huku akikuna nazi, kwamba mama yake hakuwahi kukalia mbuzi. Aliyeikalia alikuwa mwengine. Tulipokuwa wadogo tuliyapokea maneno hayo kama sifa ya ukoo. Tulipokua tukasoma, tukajua kwamba hali ya utumwa haikufutwa kisheria Unguja ila mwaka 1897, na tukafanya hesabu. Yule mwengine alikuwa na jina. Sisi tunaoandika silsila za vizazi kumi na mbili hatulijui.

Ndiyo maana tunasema kwamba usanifu wa makumbusho si suala la mapambo. Sanduku la kioo halimuulizi mtu swali. Mbuzi iliyokunjwa chini ya taa ni nzuri, na uzuri wake unatutoshea sote: jumba limepata kitu cha kuonyesha, nasi tumepata fahari bila ya hesabu. Mbuzi iliyofunuliwa sakafuni, pembeni yake kifuu na kung'uto, inamfanya mtoto aulize nani alikaa hapa, na mgongo ulimuuma kiasi gani. Vivyo hivyo na mwaka 1964. Vitu vyetu vimetawanyika Maskati, Dubai, London na kwengineko kwa sababu ya yaliyotokea, na wengine walibaki na yao ya kueleza. Jumba linaloonyesha sebule nzuri isiyo na tarehe, isiyo na jikoni na isiyo na aliyeondoka, linafanya kazi ya shada la maua.

Basi tunataka nini? Tutaje machache, kwa wanaopanga majumba na kwa wenye vitu.

Kwanza, baraza. Jumba la makumbusho linalotaka watu wa mtaa liwe na mabaraza ya kukalia nje, bila ya tiketi, penye kivuli na kahawa. Nyumba zetu zilimpokea mtu barazani kabla ya kumwingiza ndani.

Pili, jiko, na mlango wa ua. Asionyeshwe mtu sebule pasi na kuonyeshwa aliyeihudumia, kwa jina kama linajulikana, na kwa kukiri kama limepotea.

Tatu, vitu viwili viwili. Cha asili kikae salama, na pembeni yake kiwepo kilichotengenezwa leo na fundi aliye hai, kishikwe, kikaliwe, kifukizwe, kivunjike na kutengenezwa tena. Kwa njia hiyo jumba litahifadhi kitu na ufundi wake pamoja. Mfumaji wa mikeka na mshona kofia wapate riziki, na mjukuu wa ughaibuni apate kufundishwa.

Nne, majina. Kibao kianze na neno la waliokitumia kitu, si aina ya mbao. Lau mtu mmoja tu wa kwetu angeulizwa, kiti kile kingekuwa mbuzi.

Tano, sisi wenyewe. Kabla ya kutoa kitu, kaeni na mzee wenu, muandike katika karatasi moja: kinaitwaje, nani alikitengeneza, nani alikitumia, kwa kazi gani, na kilisafiri vipi. Sisi tulitoa mbuzi bila ya karatasi hiyo, tukidhani kila mtu anajua mbuzi ni nini. Sehemu ya kosa ni letu.

Mwaka jana jamaa yetu aliyekwenda Unguja alituletea mbuzi mpya, ya mbao za mwembe, haina nakshi. Mjukuu wetu, sasa kijana, aliikalia jikoni, akakuna nazi moja kwa muda wa nusu saa na kujikata kidole. Alipomaliza aliuliza swali moja tu: "Bibi wa bibi yenu hakukuna, sawa. Aliyekuna akiitwa nani?" Tulimwambia ukweli, kwamba hatujui. Akaandika hivyo katika daftari lake.

Chetezo cha bibi bado kimo nyumbani. Wapo walioomba tukitoe, na huenda tukakitoa. Tutakipeleka pamoja na karatasi yake, na mstari wa mwisho wa karatasi hiyo utakuwa jina tusilolijua, limeachiwa nafasi.